Tarikhi ya Shira ya Mahindi

Neno shira halimtatizi Mswahili. Ni sukari iliyochemshwa kwa maji hata ikawa nzito, ambayo kaimati na visheti hutiwa ndani yake. Shira ninayokusudia kuieleza hapa ni ya ukoo huo kwa utamu na uzito, lakini haikutoka jikoni wala katika muwa. Ni shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi, ambayo katika Marekani iliingia katika soda, mikate, sosi za nyanya na vyakula vingine vingi kwa muda usiozidi miaka ishirini. Mengi yameandikwa juu ya madhara yake. Juu ya njia iliyoileta yameandikwa machache, nami naona kwamba asiyeijua njia hiyo hawezi kuyapima sawasawa yasemwayo juu ya madhara.

Chanzo chake ki mbali na mahindi. Katika mwaka wa 1811, Ulaya iliponyimwa sukari ya miwa kwa sababu ya vita vya Napoleon, mkemia Gottlieb Kirchhoff, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, alichemsha wanga pamoja na tindikali ya salfa, akapata kitu kitamu. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, na tindikali huukata vipande. Tangu hapo shira ilitengenezwa kwa wanga wa viazi, kisha wa mahindi, na Wamarekani wakaitumia sana katika peremende. Walakini ilikuwa na upungufu mmoja: utamu wa glukosi ni kama robo tatu tu ya utamu wa sukari. Kwa hiyo shira hiyo ilikaa miaka zaidi ya mia na hamsini kama msaidizi wa sukari, haikuwa mshindani wake.

Fruktosi ni ndugu wa glukosi. Atomu zao ni zile zile na kwa idadi ile ile, ila zimepangwa mpango mwingine, na utamu wa fruktosi huushinda ule wa sukari. Swali likawa, ni kitu gani kitakachoipangua glukosi na kuipanga upya? Mwaka 1957 Richard Marshall na Earl Kooi, watafiti wa kampuni ya mahindi katika jimbo la Illinois, walitangaza kwamba wamepata kimeng'enya cha bakteria kiwezacho kazi hiyo. Kwa bahati mbaya kilihitaji chumvi ya aseniki, na aseniki ni sumu. Nani angeitia katika chakula? Kazi ikangoja mpaka miaka ya 1960, ambapo Yoshiyuki Takasaki, mtafiti wa taasisi ya serikali ya Japani, alipata katika viumbe vidogo vya jamii ya Streptomyces kimeng'enya kistahimilicho joto na kisichohitaji sumu hiyo. Kampuni ya Clinton, katika jimbo la Iowa, ilinunua haki ya kukitumia, ikaanza kuuza shira yake mwaka 1967. Baada ya muda mfupi fruktosi ilifikia asilimia 42, na miaka ya 1970 ilipokuwa ikimalizika ikapatikana shira ya asilimia 55, iliyofaa soda.

Wataalamu hupenda kuikomesha hadithi hapo, kana kwamba uvumbuzi hujiuza wenyewe. Sivyo. Mnamo Novemba 1974 bei ya sukari katika soko la dunia ilipanda kupita senti 60 za Marekani kwa ratili, na kila mtengenezaji wa soda akatazama huku na huku. Bei ikashuka tena, lakini mwaka 1982 serikali ya Marekani iliweka mgao wa sukari iingiayo kutoka nje ili kuwalinda wakulima wake wa miwa na viazisukari. Sukari ikawa ghali ndani ya nchi kuliko nje, ilhali mahindi yalikuwa tele. Coca-Cola, iliyokwisha kuruhusu nusu ya utamu wake itokane na shira mwaka 1980, iliruhusu utamu wote mwaka 1984, na Pepsi vivyo hivyo. Sheria ya kumlinda mkulima wa sukari ndiyo iliyompa mshindani wake soko.

Hofu ilikuja baadaye. Mwaka 2004 George Bray, Samara Nielsen na Barry Popkin waliandika kwamba ulaji wa shira hii ulizidi kwa zaidi ya asilimia 1,000 kati ya 1970 na 1990, na kwamba huenda ulichangia unene uliokithiri. Wao walisema huenda; watu wakasikia hakika. Lakini sukari ya muwa nayo ni nusu glukosi na nusu fruktosi, ambazo utumbo huzitenganisha. Mwaka 2009 Kimber Stanhope na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwanywesha watu wanene vinywaji kwa wiki kumi: kundi moja glukosi, jingine fruktosi. Makundi yote mawili yalinenepa, ila walionywa fruktosi waliongeza zaidi mafuta ya ndani ya tumbo. Hilo ni jambo zito, nalo ni shtaka dhidi ya fruktosi, iwe katika shira au katika sukari. Tena, ulaji wa shira Marekani ulifikia kilele mnamo 1999, ukaanza kupungua, na unene haukupungua nao.

Hata hivyo vita vilihamia kwenye jina. Mwaka 2010 chama cha wasagaji mahindi kiliomba shira iitwe sukari ya mahindi. Mwaka 2012 serikali ikakataa. Watengenezaji wengine walirudia miwa na kuitangaza kwenye chupa, na mnunuzi akadhani amepewa dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 hauitengi shira na sukari inayotiwa chakulani, wala asali, wala maji ya matunda: zote huhesabiwa pamoja, zisizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ipatikanayo katika chakula, yaani kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Mkebe mmoja wa Coca-Cola wa mililita 355 una gramu 39.