Dawa ya Panya, Dawa ya Moyo: Historia Fupi ya Warfarini na Madhara Yake Adimu ya Ngozi

Wachuuzi wa Kariakoo hunadi "dawa ya panya", wala hakuna anayeshangaa sumu kuitwa dawa. Kwa warfarini, mkanganyiko huo ndio historia yenyewe. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani walivuja damu hadi kufa baada ya kulishwa majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, chombo chenye damu isiyoganda. Utafiti uliofuata ulizaa warfarini, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1954.

Mwaka huohuo, Verhagen wa Uholanzi alizihusisha dawa za jamii hiyo na jambo lililoonekana kupingana na akili: dawa ya kuzuia damu kuganda ilifuatiwa na kufa kwa ngozi. Kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 3 na ya 10 ya matibabu, katika sehemu zenye mafuta mengi: matiti, mapaja, makalio. Ufafanuzi ulikuja katika miaka ya 1980. Warfarini hushusha protini C, ambayo ni breki ya asili ya kuganda, mapema kuliko inavyoshusha vigandishi vingi. Kwa siku chache mizani huelemea upande wa kuganda, na mishipa midogo ya ngozi huziba. Aliyerithi upungufu wa protini hiyo yumo hatarini zaidi. Ndiyo maana mgonjwa mwenye damu iliyoganda huanzishiwa heparini pamoja na warfarini.

Hukadiriwa kuwapata wagonjwa 1 hadi 10 kati ya 10,000. Naisoma takwimu hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa maelezo ya msingi yaliandikwa Ulaya na Marekani, na huanza na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Muuza samaki wa Feri aliyewekewa vali bandia, anayehudhuria kliniki Upanga katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, anaweza kuhisi maumivu ya paja kabla hajaona chochote, akayadhania uchovu wa kusimama mnadani tangu alfajiri. Swali la maumivu, basi, liulizwe kabla ya kutazamwa rangi, na liulizwe katika wiki ya kwanza.