Ukuaji wa mtoto katika nadharia ya Vygotsky

Nadharia ya Vygotsky hueleza kwamba akili ya mtoto hujengeka kwanza kati ya watu, kisha ndani ya mtoto mwenyewe. Mwasisi wake, Lev Vygotsky (1896–1934), alizaliwa Orsha, Belarus, akafariki Moscow kwa kifua kikuu.

Kiini cha nadharia hii ni nafasi iliyopo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa na anayemzidi ujuzi, awe mzazi, mwalimu au mtoto mwenzake. Mafunzo yanapaswa kulenga hapo. Mtihani unaopima tu kile anachokiweza peke yake humpunja mtoto. Chombo kikuu ni lugha. Mtoto anayejisemea anapocheza hajipotezei muda: anajiongoza kwa maneno aliyoyapokea kwa wakubwa, na baadaye maneno hayo hugeuka kuwa fikra za kimyakimya.

Kwamba malezi hugusa hata mwili, si akili tu, kulionekana katika utafiti wa Charles Super miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, uliochapishwa mwaka 1976. Watoto wao waliwahi kukaa na kutembea kuliko wa Marekani, kwa kuwa walifundishwa makusudi. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakutangulia.

Baada ya amri ya Kisovyeti ya mwaka 1936 dhidi ya pedolojia (elimu ya makuzi ya mtoto), kazi za Vygotsky zilizuiwa kwa takriban miaka 20. Kitabu chake kuhusu fikra na lugha, kilichotoka mwaka 1934, kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1962.