Memori Kadi Yenye Miguu

Kama ulicheza PS2 kwenye kibanda cha mtaani, unajua heshima aliyopewa msee mwenye memori kadi yake. Sisi wengine tulilipa bob 10, tukacheza mechi moja, tukatoka mikono mitupu. Yeye alichomeka kadi, akaendeleza ligi yake pale alipoiachia Jumamosi, kisha akaichomoa na kwenda nayo nyumbani. Kazi yake ya wiki nzima ilikaa kwenye kipande cha plastiki cha megabaiti 8, na mwenye kibanda hakuwa na sauti juu yake.

Naanzia hapo kwa sababu historia ya wanasesere wanaoingia kwenye gemu za video husimuliwa kama kichekesho cha biashara: kampuni kubwa ziliwauzia watoto plastiki, plastiki ikajaa madukani, mchezo ukaisha. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Nusu nyingine inahusu kile alichokuwa nacho yule msee, na ambacho sisi tunakipoteza polepole.

Majaribio yalianza zamani. Mwaka wa 1987 kampuni ya Mattel ya Marekani iliuza ndege za kuchezea za Captain Power. Mtoto alielekeza ndege kwenye televisheni kipindi kikiendelea, mwanga fulani kwenye skrini ukahesabiwa kuwa risasi, na akipigwa mara za kutosha, rubani wa plastiki aliruka nje ya kiti. Kipindi kilidumu msimu mmoja. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 2007, Mattel hao hao wakaleta UB Funkeys, wanasesere wadogo waliosimamishwa juu ya kifaa kilichounganishwa na kompyuta, kila mmoja akifungua sehemu yake ya gemu. Lakini Funkey alikuwa ufunguo tu. Alijitambulisha, mlango ukafunguka, basi. Yeye mwenyewe hakukumbuka kitu.

Kumbukumbu ililetwa na Toys for Bob, studio ya Novato, California, iliyoanzishwa 1989 na kununuliwa na Activision 2005. Activision walipoungana na kitengo cha gemu cha Vivendi mwaka wa 2008, walirithi Spyro, joka dogo la zambarau ambalo watoto walilijua tangu 1998. Studio ikapewa kazi ya kumfufua. Ilikuwa na watu wa kufaa: mchoraji I-Wei Huang, ambaye hata nje ya kazi alijiundia roboti za kuchezea, na Robert Leyland, mwandishi wa programu aliyependa kuchezea saketi. Oktoba 2011 ikatoka Skylanders: Spyro's Adventure.

Hadithi ya gemu yenyewe ilieleza kwa nini unamshika shujaa mkononi. Adui anayeitwa Kaos amewafukuza mashujaa hadi dunia yetu, na huku wamefika wakiwa wadogo, wameganda. Ukimsimamisha mmoja juu ya kile kijukwaa kinachoitwa Portal of Power, anaamka kwenye skrini. Chini ya miguu yake kuna chipu na waya uliozungushwa, bila betri. Portal hutoa mawimbi ya redio, waya unayageuza kuwa umeme kidogo, chipu inaamka na kujitaja. Ni teknolojia ya ukoo mmoja na kadi za BebaPay ambazo Google na Equity walizileta kwenye matatu za Nairobi mwaka wa 2013, zikazimwa 2015.

Tofauti na Funkey, Skylander aliandikwa ndani. Sarafu ulizookota, levo uliyofika, jina ulilompa, vyote vilihifadhiwa kwenye chipu yake ya kilobaiti 1. Insha hii haingeenea humo. Lakini ilitosha. Ungemtia mfukoni, ukaenda kwa rafiki, wewe una Wii na yeye ana PS3, na shujaa wako akaingia kwake na mali yake yote. Alikuwa memori kadi iliyopewa sura na miguu.

Biashara nayo haikulala. Gemu hiyo ya kwanza ilikuwa na mashujaa 32 wa elementi nane. Pakiti ya kuanzia ilikupa watatu, wa elementi tatu. Hadithi ungeweza kuimaliza nao, sawa, lakini njiani ulikutana na milango uliyoiona na hukuweza kuifungua, kwa sababu ilitaka elementi usiyo nayo. Mzazi aliyedhani amenunua gemu moja aligundua amefungua akaunti ya madeni. Kila mwaka likaja toleo jipya: majitu 2012, wanasesere wa kukatika kiunoni kwa sumaku 2013, mitego ya kufungia maadui 2014. Hilo la 2014 lilitaka Portal mpya kabisa. Kufikia 2015 Activision walitangaza wanasesere zaidi ya milioni 250 na mauzo ya zaidi ya dola bilioni 3.

Pesa hiyo iliita wengine. Disney Infinity ilifika Agosti 2013, amiibo za Nintendo 2014, Lego Dimensions 2015. Rafu za maduka zikajaa. Plastiki lazima itengenezwe, isafirishwe, ilipiwe stoo, na usipokisia vizuri mtoto atampenda nani Krismasi, unabaki na makontena. Mei 2016 Disney wakajitoa, wakaandika hasara ya dola milioni 147 na kuifunga studio ya Avalanche huko Salt Lake City. Mfululizo mkuu wa Skylanders ukakomea mwaka huo huo, Lego wakaacha 2017. Amiibo ndizo zimebaki, na hata hizo watu wengi hununua za kuweka kwenye kabati.

Kisha ikaja Fortnite, mwaka wa 2017, na kuonyesha kwamba mtu anaweza kulipia vazi la mhusika wake bila kupewa chochote cha kushika. Hakuna stoo, hakuna meli. Kwa kampuni, hiyo ni afueni. Kwa mchezaji, vazi liko kwenye seva ya mwenyewe, na akaunti ikifungwa, vazi limekwenda. Skylander alikuwa ghali na alikuwa mtego, sibishi. Lakini waliomuuza walipoondoka, hakuzimika. Ukiwa na diski, mashine na Portal, utamsimamisha leo bila intaneti na atakuambia alifika levo gani. Hakuna anayeombwa ruhusa.

Hili linanigusa kwa sababu lisilohusu gemu. Chuo nilichoacha kina portal pia. Niliposhindwa kumaliza karo, jina langu likafungiwa, na matokeo ya mihula minne niliyoifanyia mtihani yako huko ndani. Nikitaka kuthibitisha kwamba nilisoma, sina karatasi. Nina nywila isiyofungua kitu. Nyimbo zangu nimekodi, filamu nimekodi, bando ninalotumia kuandika haya linaisha saa sita usiku hata kama sijalimaliza.

Mwaka jana nilimpata Trigger Happy kwenye rundo la vitu vya kuchezea vya mitumba, yule wa ulimi nje na bunduki mbili za dhahabu. Nilimlipia bob 50. Yuko hapa mezani. Rangi imechubuka puani, na mtoto fulani ng'ambo alimchezesha sana kabla hajatupwa kwenye mzigo. Sina Portal ya kumsomea. Natafuta moja iliyotumika, kwa bei ya mtaani. Nataka kuona alipewa jina gani.