Malipo ya Serikali kwa Mazao Yaliyoharibika



Mtopanga ya leo imejaa nyumba, lakini wengi wetu tungali na mashamba Kilifi na Kwale, na masika yakikosa mvua, hasara hutufikia hata sisi tukaao mjini. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi Serikali ilivyowalipa wakulima walioharibikiwa na mazao, na kwa nini watu wa pwani hawakuhesabiwa.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Kikoloni ilihitaji nafaka nyingi. Ikaweka mpango wa kumdhaminia mkulima kiasi fulani cha mapato kwa kila ekari ya mahindi au ngano iliyokubaliwa. Mkulima alipewa fedha mapema za kuendeshea kazi, naye akazirudisha baada ya kuuza mavuno. Ukame ukiharibu shamba, na mapato yakawa chini ya kiasi kilichodhaminiwa, Serikali ilibeba upungufu ule. Mpango huo ukatiwa pia katika Sheria ya Kilimo ya mwaka 1955.

Waliodhaminiwa walikuwa hasa walowezi wa Kizungu wa nyanda za juu, wenye mashamba makubwa yaliyopimwa na kuandikishwa. Mwafrika mwenye shamba dogo hakuwa na dhamana hiyo. Ukame wa 1942 ulipoleta uhaba wa mahindi uliodumu hata 1943, tegemeo lake lilikuwa jamaa zake, deni la dukani, au chakula cha msaada.

Kwetu pwani palikuwa na kizuizi kingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi apeleke madai yake yathibitishwe. Ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali. Wengi hawakupeleka madai. Ndipo likazuka jambo tulijualo sana Kisauni: mtu ana minazi aliyoipanda kwa mkono wake, na udongo ulio chini yake ni wa mwingine. Mtu huyo angelipwaje kwa ekari, naye hana ekari iliyoandikwa kwa jina lake? Tena minazi na mihogo haikuwamo katika mpango.

Baada ya Uhuru wa 1963, Waafrika waliochukua mashamba makubwa waliingizwa nao. Lakini madeni yasiyolipwa yalizidi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango ukavunjwa.

Mwezi wa Machi 2016 Serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilianzisha bima ya mazao kwa wakulima wadogo, kwanza katika Bungoma, Embu na Nakuru, ikachangia nusu ya ada. Katika bima hiyo hupimwa wastani wa mavuno ya eneo zima. Ukishuka chini ya kiwango, kila aliyejiandikisha humo hulipwa. Njia hii hupunguza gharama, lakini mtu aliyepoteza shamba lake peke yake, majirani wakavuna, hapati kitu.

Zamani na sasa, alipwaye ni aliyeandikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanachama na aandike idadi ya miti yake, ukubwa wa shamba lake, siku aliyopanda na magunia aliyovuna, mbele ya mzee shahidi. Chama hakiwezi kuleta mvua. Lakini siku Serikali itakapouliza ni nani aliyepata hasara, tusikose la kuonyesha.