HISTORIA FUPI YA PIKAPU YA DATSUN

Ndugu wakimbizi wenzetu, na ninyi watumishi wa mashirika,

Kamati imetuomba sisi walimu tuandike jambo la historia kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Tumechagua gari ambalo wengi wetu tunalijua: pikapu ndogo ya Datsun. Tuliipanda tukienda sokoni na magunia ya mihogo. Siku ya kukimbia, baadhi yetu ndiyo iliyotufikisha karibu na mpaka, watoto juu ya magodoro, wazee mbele kwa dereva.

Historia yake inaanzia Japani. Mwaka 1914 karakana moja ya Tokyo ilitengeneza gari lililoitwa DAT, herufi za mwanzo za majina ya watu 3 waliotoa fedha: Den, Aoyama na Takeuchi. Mwaka 1931 likazaliwa gari dogo zaidi, likaitwa Datson, yaani mwana wa DAT. Lakini kwa Kijapani "son" husikika kama neno la hasara. Basi mwaka 1932 herufi moja ikabadilishwa, likawa Datsun.

Chini ya kampuni ya Nissan pikapu zikafuatana: 220 mwaka 1957, 320 mwaka 1961, 520 mwaka 1965, na 620 mwaka 1972. Ujenzi wake haukuwa na makuu: fremu ya chuma, injini mbele, springi ngumu nyuma. Fundi wa kijijini aliweza kuifungua kwa spana chache. Katika Afrika Mashariki jina hilo lilivuma pia kwa magari madogo ya Datsun yaliyoshinda Safari Rally mwaka 1970, 1971 na 1973.

Mwaka 1981 Nissan ilitangaza kuliondoa jina la Datsun, na kufikia 1986 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Hata hivyo kwetu kijijini pikapu ile iliendelea kuitwa Datsun, kwa kuwa wenye kuitumia ndio walioshika jina.

Sisi nasi majina yetu yamepita mikononi mwa waandishi wengi. Katika kadi mmoja amepunguziwa herufi, mwingine amepewa jina la jirani. Mwanafunzi ambaye jina la kadi halilingani na la shule hupata taabu siku ya cheti. Wazazi, kagueni majina ya watoto kabla ya kuandikisha mtihani. Nanyi watumishi, tunawaomba msituone wasumbufu tunaporudi dirishani kwa ajili ya herufi moja.