Uhura Alikaa Miaka 43 Bila Jina

Tarehe 8 Septemba 1966 kituo cha televisheni cha NBC huko Marekani kilirusha kwa mara ya kwanza mchezo uitwao Star Trek, hadithi ya chombo cha anga kinachozunguka kwenye nyota za mbali, karne tatu mbele. Katika sehemu hiyo ya kwanza kabisa kuna dubwana linalojigeuza sura ili lipate kunyonya chumvi ya miili ya watu. Linamwendea afisa wa mawasiliano, dada mweusi aitwaye Uhura, likiwa limevaa sura ya mwanamume wa Kiafrika, na unadhani linamsemesha kwa lugha gani? Kiswahili! Mwaka 1967, katika sehemu nyingine, mtambo uliopotea njia unamfutia Uhura kumbukumbu zake zote. Anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na Kiingereza kinapomkwama kinachomtoka ni Kiswahili tena. Kiswahili chenyewe kinahitaji msaada kidogo, lakini tusiwe wachoyo.

Jina lake nalo lina kisa. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba siku ya kwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Mtunzi wa mchezo, Gene Roddenberry, akalipenda neno hilo, kisha wakalilainisha mwisho likawa Uhura. Kumbuka huo ni mwaka 1966: Tanganyika ilikuwa na miaka mitano tu tangu ijitawale, na Kenya mitatu. Neno lilikuwa bado la moto. Sikioni mwetu sisi linasikika kama uhuru aliyekosea njia, ila ndivyo lilivyo na limeshazoeleka.

Lakini Uhura wa nani? Binti wa nani? Jina lake la kwanza nani? Mchezo ule ulikwenda sehemu 79 ukafungwa mwaka 1969, na hayo yote hatukuambiwa.

Nina sababu ya kuuliza. Mimi ni kijana wa Ngara, nilimaliza kidato cha nne, na kwenye kauntabuku yangu kuna riwaya inayokwenda taratibu, juu ya Benaco na mwaka 1994. Sikuwa nimezaliwa. Kwa hiyo ninaingia katika hadithi ambayo wengine walishaianza, wengine wameshaisimulia mara mia, na baadhi yao bado wako hai na wanauza nyanya pale pale njia panda. Ndiyo maana nimekuwa nikiwatazama sana hawa watu wa Star Trek, kuona mwandishi mpya anafanya nini na yaliyokwisha kusemwa na wenziwe.

Roddenberry alifariki mwaka 1991. Mwaka huo huo alifariki kwetu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, baba wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko ambaye kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi. Bwana Msa alibaki pale alipoachwa na mwenyewe. Wale wa angani hawakubaki. Wakati Roddenberry anafariki tayari mfululizo mwingine, The Next Generation, ulikuwa hewani tangu 1987. Ukafuata Deep Space Nine mwaka 1993, Voyager 1995, Enterprise 2001, halafu kimya kirefu, kisha Discovery 2017 na mingine. Kampuni inamiliki hadithi, inaajiri waandishi, wanaingia chumbani na kuendeleza. Sisi hadithi yetu ni ya mtu mmoja, na mtu akiondoka anaondoka nayo. Sijui kama hilo ni jema au baya. Ninachojua ni kwamba wao wamelazimika kujifunza kitu ambacho sisi hatujalazimika.

Na hawakujifunza kwa urahisi. Chukua Waklingon, maadui wakubwa wa hadithi ile. Mwaka 1967 walikuwa watu kama mimi na wewe, wamepakwa rangi na kufugishwa masharubu. Filamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1979, pesa zimeongezeka, Waklingon wakaota matuta kwenye paji la uso. Kulikoni? Hakuna aliyesema. Miaka ikapita. Mwaka 1996 waandishi wa Deep Space Nine wakawarudisha wahusika wao nyuma hadi enzi ya Uhura, Mklingon wa kisasa akiwa pamoja nao, na wenzake wakamuuliza mbona hawa ndugu zako hawana matuta? Akawajibu kwa uso mkavu kwamba jambo hilo hawalizungumzi na watu wa nje. Basi. Watazamaji walicheka wakaridhika. Ila kuna watu hawawezi kuacha kidonda kipoe: mwaka 2005 Enterprise ikatumia sehemu mbili nzima kueleza kwamba yalikuwa maradhi, virusi vilivyotokana na majaribio ya kuchezea mbegu za uzazi. Kwangu mimi lile jibu la mwaka 1996 ndilo la mwandishi. Hili la 2005 ni la karani.

Kuna na wanaobadilisha bila hata kugeuka nyuma. Watu waitwao Trill mwaka 1991 walikuwa na matuta usoni na hawakuweza kusafirishwa kwa ule mtambo wa kumyeyusha mtu hapa na kumuunda kule. Mwaka 1993 wakaja na madoadoa shingoni, wanapita kwenye mtambo kama kawaida, maelezo hakuna. Na mwaka 2017 Discovery ikamleta dada wa kulelewa wa Spock, ambaye kwa miaka 50 Spock hakuwahi kumtaja hata kwa bahati mbaya. Mwaka 2019 wakatoa sababu: kila mtu aliapishwa asimtaje tena. Jamani!

Rafiki yangu mmoja wa Biharamulo, ambaye naye anaandika, anaona ninajisumbua. Tunapelekeana kauntabuku kwa mabasi yanayopita Nyakahura. Katika hadithi yake watu wanavuka Rusumo kuja Ngara mwaka 1996, kwa kuwa shujaa wake lazima awe na umri fulani. Nilimwandikia kwamba mwaka 1996, mwezi Desemba, ndio waliokuwa wanarudishwa Rwanda. Kuja walikuja tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 katika muda wa siku moja hivi, juu ya lile daraja moja. Akajibu: "Hadithi ni hadithi bwana. Mbona Star Trek walibadilisha Trill na hawakuomba radhi?" Nikamjibu kwamba hakuna mama aliyezika mtoto huko Trill. Bado hatujaelewana, na basi la juzi halikuniletea kitu.

Turudi kwa Uhura, maana yeye ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Mashabiki na watunzi wa vitabu hawakuvumilia akae bila jina. Mwaka 1982 William Rotsler, katika kitabu cha wasifu wa wahusika, akamwita Nyota. Lilikuwa la kwenye karatasi tu. Katika sinema halikutamkwa. Likatamkwa mwaka 2009, filamu ilipowarudisha wahusika wale wale wakiwa vijana. Kirk anamsumbua Uhura tangu baa ya mwanzo amwambie jina lake, naye anakataa katakata, mpaka Spock anapoagana naye na jina linamponyoka mbele ya watu.

Mimi filamu hiyo niliionea kwenye banda la video Rulenge nikiwa shule ya msingi, jenereta inanguruma nje, sauti ya mfasiri imepandishwa juu ya Kiingereza mpaka huwezi kusikia kingine. Lakini pale mfasiri alinyamaza. Hakuwa na cha kufasiri. Spock alisema Nyota, na banda zima, wavulana wa minadani na makonda, lilipiga kelele kama goli limeingia. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Huyu binti wa wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Jibu limekuja mwaka 2022. Mfululizo uitwao Strange New Worlds umemchukua Uhura akiwa bado mwanafunzi, mwigizaji akiwa Celia Rose Gooding. Katika sehemu ya pili, mezani kwa nahodha, anaulizwa habari zake. Ni Mkenya. Amejifunza lugha 37. Wazazi wake na kaka yake walikufa katika ajali ya chombo, akalelewa na bibi, na wala hana hakika kama kazi hii ya angani ni yake. Baadaye anafumbua fumbo la nyota yenye mkia kwa kuimba kwa kuguna, nawe ukikumbuka kwamba Uhura wa mwaka 1966 alikuwa akiwaimbia wenzake chomboni, unaona wamefanya nini. Hawakubomoa tofali hata moja. Walipita nyumbani mwa watu, wakakuta chumba ambacho hakikuwahi kuwekwa kitu, wakaingia hicho. Nichelle Nichols alifariki Julai mwaka huo huo, miezi isiyotimia mitatu baadaye.

Basi nikaanza kutafuta vyumba vitupu vya Benaco. Vilivyojaa vinajulikana: daraja, tarehe, hesabu za mashirika, vilima vilivyokatwa kuni vikabaki vyekundu. Hata jina linajulikana, ni la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, watu wakalibakiza mdomoni. Hivyo sivigusi. Lakini wenyeji wa hapa, wale walioamka asubuhi na kukuta mji mkubwa umeota shambani, wao hawako kwenye hesabu za mtu.

Nilimwendea bibi mmoja jirani yetu na kauntabuku. Nikamwamkia, nikakaa, nikauliza. Akanitazama kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, hayo hatuyazungumzi na wageni." Mimi, mgeni! Nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake! Nilikaribia kucheka kwa sababu ya yule Mklingon, lakini uso wake haukuwa wa kuchekesha. Nikafunga daftari nikamsaidia kupukuchua maharage.

Ilikuwa siku ya nne, sina hata kalamu, aliposema mwenyewe kwamba wiki ile ya kwanza alikuja mwanamke na redio, anataka mkungu wa ndizi. Redio nzima kwa mkungu mmoja. Bibi alimpa mikungu miwili na hajui hadi leo kama alimpunja au alimsaidia. Redio ilifanya kazi mpaka 2003.

Mwanamke huyo sasa ndiye sura yangu ya tano. Nimewauliza jina lake watu watatu waliokuwapo, nikapewa majina matatu, kila mmoja na kiapo chake. Sijachagua. Katika kauntabuku nimemwandika "yule wa redio", na nimeacha nafasi kila anapotajwa.