Madini Nyongeza na Ukomohedhi

Madini nyongeza ni kalsiamu, chuma, zinki au magnesiamu iliyotengenezwa kuwa kidonge, unga au sharubati, ili mtu aitumie pamoja na chakula chake. Madukani bidhaa hizi huitwa virutubisho, jina pana mno: humo mna vitamini, mitishamba na hata unga wa protini. Istilahi ya madini nyongeza inabana zaidi, na inamlazimu mnunuzi aulize: ni madini gani, na ni nyongeza juu ya nini?

Swali hilo lina uzito kwa mwanamke aliyefikia ukomohedhi, yaani aliyetimiza miezi 12 mfululizo bila hedhi. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza kutoa estrojeni, homoni inayozuia mfupa usimomonyoke upesi kuliko unavyojengwa. Ndiyo maana miongozo ya lishe ya Marekani humpandishia mwanamke aliyevuka miaka 50 kiwango cha kalsiamu kutoka miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Chuma, kinyume chake, hushushwa kutoka miligramu 18 hadi 8, kwa kuwa damu ya kila mwezi haitoki tena.

Kwa hiyo si vizuri mama wa miaka 58 aliyechoka kukimbilia dawa ya kuongeza damu bila kupimwa. Upungufu wa damu katika umri huo huweza kutokana na damu inayovuja polepole tumboni, na kidonge kikaficha ugonjwa. Damu ikitoka ukeni baada ya ukomohedhi, hilo ni la kuwahi hospitali.

Kalsiamu nayo ina mipaka. Utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative uliwahusisha wanawake zaidi ya 36,000 waliokwisha koma hedhi. Matokeo ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliopewa kalsiamu na vitamini D walipata mawe ya figo zaidi, ilhali kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Tena kalsiamu si tiba ya joto la ghafla linalowasumbua wengi usiku.

Anza na sahani. Glasi ya maziwa ina takribani miligramu 300 za kalsiamu. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao na sukuma wiki huongezea. Pengo likibaki, hapo ndipo kidonge kina kazi. Usimeze zaidi ya miligramu 500 za kalsiamu kwa mara moja, na aina ya kabonati itumie wakati wa kula. Kama unatumia dawa za tezi ya shingo au antibiotiki, mwulize mfamasia upishanishe saa ngapi, kwani kalsiamu huweza kuzuia dawa hizo zisifyonzwe. Kabla ya kulipa, soma kibandiko: kikitaja virutubisho bila kutaja madini na miligramu zake, kirudishe rafuni.